Nguvu za Mapigano: Historia ya Kipimo cha Mashujaa wa Hadithi za Picha

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa hadithi za picha na filamu za vibonzo limo moja ambalo kwa Kijapani huitwa sentoryoku. Waingereza na Wamarekani wamelitia katika lugha yao kwa maneno mawili yenye maana ya "kiwango cha nguvu", na mfasiri wetu, ambaye aghalabu hupokea hadithi hizi kwa njia ya Kiingereza, huwa hana sababu ya kulitilia shaka. Huandika "kiwango cha nguvu" akaendelea na kazi. Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo limetoka wapi, ni dhana zipi nyingine zilizochanganywa nalo, na kwa nini istilahi moja haiwezi kuzibeba zote. Mtu aweza kusema kwamba mambo haya ni ya watoto na hayastahili kurasa za jarida kama hili. Lakini watoto hao ndio wasomaji wa Kiswahili wa kesho, na wakibishana nani angemshinda nani katika mashujaa wao, watabishana kwa maneno waliyopewa. Wasipopewa maneno wataazima.

Kabla ya kuendelea yafaa tuondoe kikwazo kidogo. Wajapani huziita hadithi hizi manga. Kwetu sisi Manga ni nchi ya Waarabu, hasa pande za Omani, na ndiyo iliyotupa pilipili manga na komamanga. Mfasiri akiandika "shujaa wa manga" pasipo maelezo, msomaji wa pwani ana haki ya kumtafuta shujaa huyo Maskati. Basi hapa tutasema "hadithi za picha" kwa zile zilizochapishwa vitabuni, na "vibonzo" kwa zile za filamu.

Kabla ya namba

Kushindanisha mashujaa ni jambo la kale kuliko kuwafanyia hesabu. Katika masimulizi yetu nguvu za shujaa huelezwa kwa majigambo yake, kwa matendo yake, na kwa siri ya udhaifu wake. Fumo Liyongo hakupewa tarakimu. Twaambiwa tu kwamba hapakuwa na silaha ya kumwua isipokuwa shaba ikichomwa kitovuni, na msikilizaji akisikia hivyo hupata kipimo cha kutosha. Hadithi za picha za Marekani nazo zilianza kwa njia inayokaribiana na hiyo. Superman alipotokea kwa mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Action Comics, mwaka 1938, wasomaji walielezwa kwamba aweza kuruka juu ya jengo la ghorofa ishirini, kwamba mbio zake hupita za garimoshi la kasi, na kwamba ngozi yake haipenywi na kitu kilicho hafifu kuliko kombora linalopasuka. Ili jambo hilo lisadikike, alilinganishwa na chungu abebaye mizigo mizito kuliko mwili wake na panzi arukaye mbali. Vipimo vyote hivyo ni vitu ambavyo msomaji alikwisha kuviona kwa macho: jengo, garimoshi, mdudu.

Wajapani walikuwa na desturi yao wenyewe. Tangu karne ya 18 zilichapishwa mijini mwao karatasi ziitwazo banzuke, zenye majina ya wanamieleka wa sumo yaliyopangwa kwa vyeo, upande wa mashariki na upande wa magharibi, wakubwa kwa herufi nene na wadogo kwa herufi nyembamba kama nywele. Watu waliipenda namna hiyo ya kupanga hata wakatunga karatasi za mfano wake kwa ajili ya chemchemi za maji ya moto, vyakula na mambo mengine yasiyohusiana kabisa na mieleka. Mwanaistilahi hana budi kuangalia kwamba hapo pana cheo lakini hapana kiasi. Karatasi husema nani yu juu ya nani. Haisemi amemzidi kwa kadiri gani.

Namba zilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mitambo: katika karne ya 18 James Watt, alipotaka kueleza kazi ya injini zake za mvuke kwa wanunuzi, aliilinganisha na kazi ya farasi, na hata leo gari huuzwa kwa hesabu ya nguvu za farasi. Njia ya pili ni ya michezo ya vita. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundishia maofisa, wenye ramani, dadu na majedwali ya hasara. Miaka 150 baadaye, mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa Dungeons & Dragons. Humo anayehesabiwa ni mtu mmoja wa kubuni badala ya kikosi cha jeshi. Hupewa tarakimu ya nguvu, ya wepesi, ya akili na ya uhai, kisha daraja ambalo hulipanda kwa kadiri apatavyo uzoefu. Michezo ya kompyuta iliirithi dhana hiyo ya daraja. Mwaka 1986 ulitoka huko Japani mchezo wa Dragon Quest, uliotungwa na Yuji Horii, na ambao wahusika wake walichorwa na Akira Toriyama. Jina hili tutalirudia.

Hesabu ya Warsman

Hata hivyo, hadithi za picha za Kijapani zilikuwa zimekwisha kuonja namba kabla ya Toriyama. Jarida la Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968 na kuwa la kila juma tangu 1969, lilichapisha toka 1979 hadi 1987 hadithi iitwayo Kinnikuman, kazi ya watu wawili watumiao jina moja la Yudetamago. Ni habari za wanamieleka wenye nguvu zipitazo za binadamu, na kila mmoja wao ana kipimo kiitwacho chojin kyodo. Chojin ni mtu apitaye watu. Kyodo ni neno ambalo mafundi hulitumia wanapotaja uimara wa chuma au saruji. Kwa hiyo dhana ya asili hapa ni uimara wa mwili, kama vile mwanamieleka ni nguzo inayopimwa kabla ya kubebeshwa dari. Kinnikuman mwenyewe ana laki tisa na nusu. Warsman ana milioni moja. Buffaloman ana milioni kumi.

Mbele ya tofauti hiyo Warsman anafanya hesabu ambayo wasomaji wa Kijapani hawajaisahau hadi leo. Anavaa makucha ya chuma mikono yote miwili badala ya mmoja, na milioni moja inakuwa mbili. Anaruka mara mbili ya kawaida yake, na mbili inakuwa nne. Anazunguka hewani mara tatu ya kawaida yake, na nne inakuwa kumi na mbili. Kumi na mbili ni zaidi ya kumi. Basi anajirusha kama mshale, akiwa na hakika ya ushindi. Anashindwa.

Mwalimu wa hesabu atacheka, na mwalimu wa fizikia atacheka zaidi. Lakini kwa maoni yangu mna katika kurasa hizo mambo yote yaliyofuata baadaye: namba inatolewa kana kwamba ni sheria ya maumbile, mhusika anaiamini, msomaji anaiamini pamoja naye, kisha mtungaji anaivunja mbele ya macho yao.

Mkulima wa tano

Toriyama alianza kuchapisha Dragon Ball katika jarida lile lile mwaka 1984, akaimaliza mwaka 1995. Katika miaka ya kwanza wapiganaji wake walilinganishwa kwa njia ya kale, yaani kwa kukutana katika mashindano na kuangushana. Mwaka 1988 mambo yalibadilika. Anashuka kutoka angani mgeni aitwaye Raditz, mbele ya jicho lake moja pana kioo kidogo, na mtu wa kwanza anayekutana naye ni mkulima mwenye bunduki. Kioo kinasema: tano. Mkulima anapiga risasi. Mgeni anaidaka kwa mkono na kumrudishia, na mkulima anakufa. Kwa kurasa hizo chache msomaji amekwisha kufundishwa kipimo kizima. Mtu mzima mwenye bunduki ni tano.

Baada ya hapo namba zinapanda kwa haraka. Goku, aliye shujaa wa hadithi, ana 334, na Piccolo, aliyekuwa adui yake na sasa amelazimika kuwa mwenzake, ana 322. Wanavua mavazi mazito waliyokuwa wakiyavaa kwa mazoezi, na namba zinakuwa 416 na 408. Goku anakusanya nguvu kwa ajili ya pigo lake, kioo kinaonyesha 924. Piccolo naye anakusanya zake kwenye ncha za vidole hadi 1330. Mtoto wa Goku, mwenye umri wa miaka minne, aliyefungiwa ndani ya chombo cha angani akilia, anaonyesha 710, yaani zaidi ya baba yake.

Sasa tuliangalie neno lenyewe. Sentoryoku limeundwa kwa sento, ambalo maana yake ni mapigano, na ryoku, ambalo ni nguvu. Ni neno la kawaida la kijeshi. Mjapani aweza kulitumia anapozungumzia uwezo wa kikosi cha askari kupigana. Ndani yake hamna "kiwango". Kiwango kiliongezwa na wafasiri wa Kiingereza, na mapigano wakayaacha nje. Wafasiri wa Kihispania katika Amerika ya Kilatini waliyahifadhi: vibonzo vyao husema poder de pelea, yaani nguvu za kupigana. Kwa hiyo mwenzetu anayeandika "kiwango cha nguvu" hamfasiri Toriyama. Anamfasiri mfasiri mwingine, na katika safari hiyo ya pili hasara ya safari ya kwanza haionekani tena.

Hasara hiyo si ndogo, kwa sababu sentoryoku ni neno la upande mmoja tu wa vita. Ni msamiati wa wageni, yaani wa Raditz, wa Vegeta, na wa bwana wao Freeza, ambaye kazi yake ni kuteka sayari na kuziuza kwa wanunuzi. Watu wa ukoo wa Goku huwapima watoto wao wachanga, na wale wenye namba ndogo hutiwa katika daraja la chini na kupelekwa kuteka sayari zenye wenyeji dhaifu. Ndivyo Goku mwenyewe alivyofika duniani. Kwa ufupi, hii ni lugha ya ofisi ya watekaji. Mtumishi wa serikali aliyewahi kuona madaftari ya kikoloni ya kuhesabu vichwa na vibanda ataitambua mara moja.

Mashujaa wana neno jingine. Wao husema ki, neno lenye asili ya Kichina ambalo hujumlisha pumzi, uhai na hali ya moyo. Ki huhisiwa na mtu mwenyewe pasipo chombo. Aweza kuificha, kuikusanya, kuituliza. Kioo cha Raditz hakiwezi kuyajua hayo, na hiyo ndiyo sababu kila mtu anayekitegemea hushtushwa. Ikiwa mfasiri atatumia "nguvu" tu kwa maneno yote mawili, pande mbili za hadithi zitakuwa zinasema lugha moja, na msomaji wa Kiswahili hataelewa kwa nini Vegeta, aliye mwerevu kuliko wenzake, anakiponda kioo chake mkononi.

Tukio hilo la kukiponda kioo limejulikana duniani kote, na wafasiri wana sababu yao maalumu ya kulikumbuka. Katika Kijapani Vegeta anaulizwa namba ya Goku na kujibu kwamba imepita elfu nane. Katika toleo la Kiingereza la vibonzo, lililoonyeshwa Marekani mwaka 1997, alisema imepita elfu tisa, na ni kosa hilo lililogeuka kuwa msemo wa vijana wa nchi nyingi. Waweza kuuliza elfu moja ina madhara gani. Jibu ni kwamba mara baada ya hapo Goku anatumia mbinu ya kuzidisha nguvu zake kwa mbili, kwa tatu, kisha kwa nne. Penye elfu nane jawabu la mwisho ni 32,000, na penye elfu tisa ni 36,000. Kosa la elfu moja limekuwa la elfu nne. Anayefasiri namba katika hadithi ya namna hii hana budi kuishika kama ashikavyo mhasibu, kwa maana itarudi.

Kisha ikaja hali ambayo wachumi huiita mfumuko. Freeza anamwambia mpinzani wake kwamba nguvu zake ni 530,000. Akibadili umbo anasema ni zaidi ya milioni moja. Baada ya hapo vioo havifai kitu, na Freeza anaanza kusema kwa asilimia: hii ni nusu ya nguvu zangu, sasa hii ni yote. Ni hila nzuri ya mtungaji, kwa kuwa asilimia haina kikomo cha wazi. Msomaji hajui mia ya nini. Namba za mwisho za vita hivyo hazikutolewa na mhusika yeyote. Zilichapishwa mwaka 1996 katika kitabu cha maelezo, baada ya hadithi yenyewe kwisha: Freeza milioni 120, Goku milioni 150. Katika sehemu zilizofuata za hadithi Toriyama aliziacha namba karibu kabisa. Wasomaji hawakuziacha. Wengi waliendelea kuzitafuta na kuzikokotoa kwa wahusika ambao mtungaji hakuwapa hata moja, na huko ndiko ulikotoka ule ubishi usiokwisha wa kumtia shujaa wa hadithi moja katika mizani ya hadithi nyingine.

Tani, maneno na kura

Wamarekani walifika kwenye kipimo kwa njia ya makarani. Kampuni ya Marvel ilikuwa na mamia ya wahusika, wenye watungaji wengi, na mhusika aliyeinua daraja katika toleo moja aliweza kushindwa na mlango katika toleo la pili. Kuanzia mwaka 1983 Mark Gruenwald alisimamia kitabu cha marejeo kilichotoka kwa sehemu, ambamo kila mhusika alipewa urefu, uzito, na tani awezazo kuziinua juu ya kichwa. Spider-Man alipewa tani kumi. Thor na Hulk wakatiwa katika kundi la tani mia, ambalo ndilo la juu. Na kwa kuwa ndilo la juu, mlikuwamo humo pia wote wanaozidi tani mia kwa kadiri isiyotajwa. Hapa kinachopimwa ni uzito wa kuinua, na kuinua si kupigana. Winchi ya bandarini huinua tani nyingi, lakini haijapata kumshinda mtu kwa ngumi.

Mwaka 1984 kampuni ya TSR, ile iliyotoa Dungeons & Dragons, ilitoa mchezo wa mashujaa wa Marvel ambamo ngazi za uwezo zilipewa maneno pamoja na namba. Kwa Kiswahili maneno hayo, toka chini kwenda juu, yangekuwa: dhaifu, duni, ya kawaida, nzuri, bora, ya kutajika, isiyosadikika, ya kustaajabisha, ya kizimwi, na isiyo ya dunia hii. Kwa mwanaistilahi huu ni mfano mzuri wa jambo la kuepukwa. Ni nani atakayejua kwa kusoma tu kwamba "isiyosadikika" iko chini ya "ya kustaajabisha"? Katika Kiingereza chenyewe hakuna ajuaye pasipo jedwali. Sifa za lugha ya kawaida hazina mpangilio wa ngazi, na mfasiri anayeletewa orodha ya namna hii hatafanya kosa akiongeza tarakimu: daraja la kwanza, daraja la pili, na kuendelea.

Mwaka 1996 Marvel na mshindani wake DC walipanga pambano la wahusika wao katika kitabu cha pamoja, na mapigano makuu matano yakaamuliwa kwa kura za wasomaji. Superman alimshinda Hulk, na Batman alimshinda Captain America. Spider-Man alimshinda Superboy, Wolverine akamshinda Lobo, na Storm akamshinda Wonder Woman. Hapakuwa na tani wala namba. Kilichopimwa ni mapenzi ya wasomaji, na kwa kweli sioni kwamba kipimo hicho ni kibaya kuliko vingine. Angalau kila mtu alijua kinapima nini.

Zawadi na madaraja

Katika Shonen Jump vizazi vilivyofuata vilijifunza kwa Toriyama, na wakaihofia hali iliyompata. Yoshihiro Togashi, mtungaji wa Yu Yu Hakusho iliyochapishwa kati ya 1990 na 1994, alitumia madaraja ya herufi: E, D, C, B, A, na juu ya A akaweka S. Kwa msomaji wetu herufi tano za kwanza hazina taabu, kwani amezizoea katika vyeti vya shule. S ndiyo yenye taabu, kwa sababu katika alfabeti iko mbali sana chini ya E. Mimi ningeiacha herufi ilivyo, na mara ya kwanza ningeandika "daraja la S, lililo juu ya A".

Eiichiro Oda, ambaye One Piece yake ilianza mwaka 1997, alikwenda mbali zaidi. Maharamia wake wana kenshokin, yaani fedha ambazo serikali huahidi kumpa atakayemkamata mtu. Wasomaji wengi huzisoma fedha hizo kama namba za nguvu, na Oda amejitahidi kuwaonyesha kwamba sivyo. Nico Robin aliwekewa milioni 79 akiwa mtoto wa miaka minane, kwa sababu ya elimu aliyokuwa nayo, elimu iliyoitia serikali hofu. Tony Tony Chopper, aliyepigana bega kwa bega na wenzake, aliwekewa 50 tu, kwa kuwa maofisa walidhani ni mnyama wa kufugwa. Mfasiri anayeandika "kiwango cha nguvu" hapa anasema uongo kamili. Neno lifaalo ni "zawadi ya kichwa", ambalo linamtaja mtoaji na kusudi lake. Katika hadithi hiyo hiyo mna kipimo kingine kiitwacho doriki, kinachotumiwa na majasusi wa serikali kupimana: askari mwenye silaha ni kumi, na Rob Lucci, mkali wao, ni elfu nne. Yule mkulima wa Toriyama, kwa namna fulani, amevaa sare.

Mintarafu ya istilahi

Kwa sentoryoku napendekeza "nguvu za mapigano". "Nguvu za kivita" lingefaa kwa taifa au jeshi, lakini mtu mmoja hana vita peke yake. "Kani" na "nishati" zimekwisha kupewa kazi katika vitabu vya fizikia, na kuzileta huku kungemfanya mwanafunzi adhani Freeza anapimwa kwa vipimo vya darasani. "Uwezo" ni neno zuri mno na pana mno; lina uwezo wa kulipa kodi na uwezo wa kusoma. Wako wanaopenda "ubabe", na ni kweli kwamba vijana huliona tamu, ila ubabe ni tabia, na kioo cha Raditz hakipimi tabia. Kwa chojin kyodo "uimara wa majitu" utakaribia asili yake. "Daraja" libaki kwa mambo yenye ngazi, kama ya Togashi na ya michezo ya kompyuta. "Cheo" kwa banzuke na vyeo vya ofisi. Na "kiwango" kitumike pale tu ambapo asili ina maana ya kiwango. Ki, kwa bahati mbaya, katika lugha yetu ni kiambishi, na "ki yake" huonekana kama neno lililokatika katikati. "Pumzi" lina sehemu kubwa ya maana inayotakiwa, na Mswahili akisema fulani ana pumzi huwa anasifu kitu kinachotoka ndani ya mtu, wala si cha kusomwa kwenye kioo.

Ama kioo chenyewe, Wajapani wamechukua neno la Kiingereza lenye maana ya mpelelezi wa jeshi atangulizwaye mbele. Kwa mfano wa kipimajoto tungeweza kuunda "kipimanguvu", na neno hilo lingeeleweka upesi. Lakini chombo hicho kinafanya kazi tatu: kinapima, kinaonyesha mtu alipo, na kinapeleka sauti, ni kwa njia yake Vegeta na Nappa, wakiwa mbali angani, walisikia habari zilizowaleta duniani. "Kipelelezi" linazichukua kazi zote tatu, na pia linasema wazi kwamba mwenye kukivaa hakuja kwa amani.

Limebaki suala la kuzitamka namba. Wajapani huhesabu kwa makumi elfu, neno lao likiwa man. Kwa hiyo Freeza husema ana man hamsini na tatu, na Kinnikuman ana man tisini na tano. Kiingereza kikizigeuza huzifanya kuwa mamia ya maelfu, na mfasiri afuataye Kiingereza huandika "mia tano na thelathini elfu", usemi ambao hakuna mtu aliyepata kuusikia sokoni. Kiswahili kina laki. Freeza aseme "laki tano na elfu thelathini", na Kinnikuman aseme "laki tisa na nusu", kwa pumzi moja, kama atajavyo mtu bei ya kiwanja. Zikifika milioni, laki huachwa. Buffaloman atakuwa na milioni kumi, na zile za kitabu cha 1996 zitakuwa milioni mia na ishirini na milioni mia na hamsini.